Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: paneli zetu, ada, na ile ishu ya saa mbili usiku

Ndugu wanakamati na wanachama wote wa chama chetu cha mashabiki wa tamthilia za anga mliojiunga leo mtandaoni, asanteni kwa kuja. Naona tupo 16 hapa na kamera saba zimezimwa, basi tuanze hivyohivyo.

Yale mnayoyajua nayapitia haraka. Vikao vya kamati vilikuwa vinne, vyenye akidi viwili. Tumeangalia pamoja sizoni ya kwanza ya tamthilia ya Babylon 5, episodi zote 22, na wale wa Jumamosi mnajijua, hongereni. Katibu tumebadilisha. Kongamano letu la mtandaoni limefanyika kwa siku mbili kama nilivyoahidi nilipochaguliwa, lilikuwa na paneli, yaani mijadala, sita na zote zilifanyika, naomba hilo liandikwe. Ya tamthilia ya The Expanse ilihudhuriwa na watu 27, tukajifunza kwa nini meli zao za anga zinageuka nyuma mbele katikati ya safari ili zianze kupunguza mwendo, yule dada aliyeeleza alitumia kalamu tu na kila mtu akaelewa. Ya Firefly watu walikuja kuomboleza kama kila mwaka, zile episodi 14 ambazo tatu kati yake hazikuonyeshwa kabla tamthilia haijakatwa 2002, na zilizoonyeshwa zilivurugwa mpangilio. Ya kuhusu mwisho wa tamthilia ya Battlestar Galactica waligombana kwa heshima. Basi.

Sasa nije kwenye ishu ya saa mbili usiku, maana nimetumiwa meseji nyingi za kulalamikia nilivyopanga paneli ya saa hiyo, nyingine sio za kistaarabu, na nimekaa kimya miezi minne nikisubiri kikao hiki ili niseme mbele ya wote.

Mnakumbuka tulikuwa na chumba kimoja tu cha mtandaoni cha kulipia. Mwaka juzi vilikuwa viwili. Kimoja kwa sababu hela ilitosha kimoja, na hata hicho nusu yake nililipa mimi kutoka mfukoni mwangu, mweka hazina anayo risiti. Jumamosi usiku, saa ambayo wengi wapo, paneli mbili zilikuwa zinagombea chumba hicho: ile ya Doctor Who, tamthilia ya BBC, kuhusu episodi zake zilizopotea, na ile ya Uhura, yule afisa mawasiliano wa meli ya Star Trek. Niliitisha kamati iamue. Tupo saba, walikuja watatu pamoja na mimi mwenyewe, kwa hiyo akidi haikutimia, na katiba yetu inasema kamati isipotimia ratiba anapanga mwenyekiti. Nikapanga. Uhura nikaiweka saa mbili usiku, Doctor Who ikaenda Jumapili saa tatu asubuhi kwenye kile chumba cha bure kinachojifunga baada ya dakika 40.

Kuna wanaosema nilijipangia mwenyewe saa nzuri kwa sababu mi ndo nilikuwa naongoza hiyo paneli. Jamani. Niliwaomba watu wawili waiongoze kabla yangu na wote walikataa, mmoja yupo hapa ananisikia. Nikaiandaa mwenyewe wiki tatu, nikizitazama tena episodi moja moja, nikiandika kila neno la Kiswahili linalosikika mle ndani.

Na niwaambie kwa nini niliona inastahili. Star Trek imeanza kuonyeshwa 8 Septemba 1966, na episodi hiyo ya kwanza kabisa kwenda hewani ina yule kiumbe anayefyonza chumvi ya watu anajigeuza mwanaume mweusi na kumsemesha Uhura kwa Kiswahili. Episodi ya kwanza! Mwaka uliofuata ile mashine inayoitwa Nomad inamfuta Uhura kumbukumbu zote, anafundishwa kusoma upya kama mtoto, na akikasirika neno limemshinda anaropoka Kiswahili. Jina lenyewe limetoka kwenye neno uhuru, na jina lake la kwanza, Nyota, halikutamkwa kwenye skrini mpaka filamu ya Star Trek ya 2009. Sisi ni chama cha mashabiki tunaoongea lugha hiyohiyo na miaka yote hatujawahi kuifanyia paneli, tena kwa Kiswahili mwanzo mwisho. Nichelle Nichols, aliyemwigiza Uhura, amefariki 2022 na hatukufanya chochote. Mimi hilo lilikuwa linaniuma. Usiku ule walifika watu 41, haijawahi kutokea kwenye chama hiki, na kuna mama mmoja alijiunga kwa simu ya mwanae akasema aliisikia lugha yake kwenye tamthilia ya anga akadhani amesikia vibaya, akakaa miaka yote hajamwambia mtu. Kama kupanga vile ni kosa basi nitalirudia.

Ila kuna jambo nalikubali. Ile paneli ya Doctor Who walihudhuria 12 tu, na mwanajopo wetu alikuwa amefika pale pazuri kabisa, anaeleza jinsi BBC ilivyofuta mikanda ya miaka ya 60, lakini sauti za episodi zote zilizopotea zipo kwa sababu mashabiki walikuwa wanakaa nyumbani na rekoda mbele ya TV wakajirekodia wenyewe. Hapohapo dakika 40 zikaisha chumba kikafunga. Walirudi wanne. Na sisi hatukurekodi. Nimempigia mwanajopo nikamwomba radhi na leo narudia mbele yenu, hakustahili. Lakini wenzangu mliosaini ile barua ya malalamiko, niliichukua nikailinganisha na daftari la ada. Mmesaini 14. Waliolipa ada kati yenu ni wawili.

Chama kina wanachama 83. Waliolipa yote ni 19, nusu 11, ambao hawajatoa hata senti ni 53. Hao 53 wangelipa robo tu tungekuwa na chumba cha pili na barua isingeandikwa. Mwaka 1968 mashabiki wa Star Trek walijaza ofisi za NBC, kituo cha TV kilichokuwa kinaionyesha, kwa barua, kwa mkono na stempu, mpaka ikapata sizoni ya tatu, sisi kubonyeza linki na kufungua maiki inatushinda. Kuna paneli nilikaa dakika kumi na mbili peke yangu na mgeni tukiangaliana, yeye akaniuliza kama amekosea siku, nikakosa la kumjibu.

Kwa mwaka ujao tunatarajia, Mungu akipenda, kupata chumba cha pili, kurekodi kila paneli, na paneli ya Doctor Who irudiwe kwa muda wa kutosha, saa nzuri, naahidi kuipigania. Pia kuna wazo la paneli ya vijana, bado tunaliangalia. Nimesikia kuna wanaotaka nafasi hii ya mwenyekiti, fomu ziko kwa katibu, anayezitaka awe kwanza amelipa.

Mweka hazina atawasomea hesabu sasa hivi, naomba msitoke kabla hajamaliza. Naomba kuwasilisha.