Ijumaa iwe ya nyumbani: barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Ligi ya Ireland

Kwa Mkurugenzi wa Ligi ya Ireland,
Shirikisho la Soka la Ireland, FAI,
Abbotstown, Dublin.

YAH: MASHABIKI WA KLABU ZA UINGEREZA NA VITI VYA VIWANJA VYETU

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Baada ya salamu, tunakuandikia kuhusu watu ambao wapenzi wa ligi yako wamekuwa wakiwalaumu miaka nenda miaka rudi: Wairishi wanaovaa jezi za Liverpool, Manchester United na Arsenal, wanaopanda ndege alfajiri kwenda kutazama mpira ng'ambo ya bahari, na ambao hawajawahi kukanyaga uwanja ulio mtaa wa pili kutoka kwao. Ombi letu ni moja. Msiwatake wachague. Timu mtu aliyorithishwa na baba yake haachi. Lakini Ijumaa usiku, ambapo ligi yetu huchezwa, yake iko wazi, na hiyo ndiyo ya kupigania.

Mapenzi haya yana mizizi mirefu, na si televisheni peke yake iliyoyapanda. Liam Whelan alizaliwa Cabra, Dublin, akachezea Home Farm, klabu ya vijana ya huko huko Dublin, akaenda Manchester United, akafa kwenye ajali ya ndege ya Munich tarehe 6 Februari 1958 akiwa na miaka 22. Miezi michache kabla ya hapo, Septemba 1957, alirudi Dublin, kwenye uwanja wa Dalymount Park, na United yake ikaifunga Shamrock Rovers ya huko 6-0 kwenye Kombe la Ulaya, mawili yakiwa yake. Daraja la reli lenye jina lake liko hapo Cabra, mwendo mfupi tu kwa miguu kutoka Dalymount. Baadaye wakaja Brady, O'Leary na Stapleton pale Arsenal, Ronnie Whelan na Staunton pale Liverpool, kisha Keane pale United. Familia iliyomfuata kijana wa mtaani kwao kwenye jezi ya Kiingereza haikumsaliti mtu.

Lililoharibika ni njia yenyewe: iliruka juu ya ligi. Vijana wa miaka 15 na 16 walitolewa kwenye klabu za watoto wakapelekwa Uingereza moja kwa moja, Ligi ya Ireland ikiangalia tu. Hata waliopitia kwenye ligi waliondoka kwa bei ya kutupa. Séamus Coleman alitoka Sligo Rovers kwenda Everton Januari 2009 kwa pauni 60,000, na tangu hapo amecheza zaidi ya mechi 350 za Ligi Kuu ya Uingereza.

Tangu 1 Januari 2021 mambo yamegeuka. Uingereza ilipotoka Umoja wa Ulaya, klabu zake zilipoteza ule mwanya wa kanuni za FIFA unaoruhusu kijana wa miaka 16 hadi 18 kuhamishwa ndani ya Ulaya. Sasa kijana wa Dublin au Cork husubiri hadi atimize miaka 18. Akishatimiza hahitaji kibali cha kazi, maana raia wa Ireland wana haki ya kuishi na kufanya kazi Uingereza. Kwa hiyo mna miaka miwili ya kumwonyesha kwenye uwanja wenu, mbele ya watu watakaomtazama baadaye kwenye runinga. Mason Melia wa St Patrick's Athletic ni mfano ulio hai: Tottenham walikubaliana na klabu yake Februari 2025 kwa ada iliyovunja rekodi ya ligi, naye akaendelea kucheza Inchicore, mtaa wa Dublin wenye uwanja wa klabu yake, Richmond Park, msimu mzima, kwani uhamisho wenyewe ulipangwa Januari 2026. Shabiki wa Tottenham aliyeko Dublin alikuwa na karibu miezi tisa ya kwenda Richmond Park kumwona mshambuliaji wake mpya kwa kiingilio cha euro chache. Je, kuna aliyemwandikia barua pepe kumwalika? Hilo tu lingetosha kuanzia.

Hapa tunaomba utuvumilie tuingie kwenye hesabu, kwa sababu ndipo fedha za kukarabati majukwaa zinapovuja.

Kanuni ya mshikamano ya FIFA inakata asilimia 5 ya kila ada ya uhamisho wa mchezaji ambaye mkataba wake haujaisha na kuigawa kwa klabu zilizomlea mchezaji kuanzia mwaka anaotimiza miaka 12 hadi mwaka wa 23. Kila mwaka wa umri wa 12 hadi 15 hubeba asilimia 5 ya fungu hilo, na kila mwaka wa 16 hadi 23 hubeba asilimia 10. Chukua mchezaji aliyekaa klabu moja ya Ireland tangu miaka 12 hadi 17. Miaka minne ya mwanzo inatoa asilimia 20 ya fungu, miwili inayofuata inatoa asilimia 20 nyingine, jumla asilimia 40. Akiuzwa kwa euro milioni 10, fungu zima ni euro 500,000, na klabu yake ya utotoni inadai 200,000. Na tangu Julai 2020 haki hiyo haipotei hata akihama kutoka klabu moja ya Uingereza kwenda nyingine ya huko huko.

Fungu hili huharibika kwenye karatasi. Mgao unafuata pasipoti ya mchezaji, yaani kumbukumbu za usajili zilizo kwenye mfumo wa shirikisho lenu. Kijana akihama klabu ya watoto mwezi wa Machi na usajili wake mpya ukaingizwa Juni, miezi ile mitatu inabaki bila mwenyewe. Akitolewa kwa mkopo na tarehe ya kurudi isiandikwe, klabu mbili zinagombana. Jina likiandikwa kwa Kiairishi kwenye fomu moja na kwa Kiingereza kwenye nyingine, mfumo unaona watoto wawili. Mwaka mmoja wa umri wa miaka 16 ukipotea kwa namna hiyo katika mfano wetu, klabu imepoteza euro 50,000, na hizo haziko mbali na bei yote waliyolipwa Sligo kwa Coleman.

Kwa hiyo mpeni mtu mmoja kazi hii na asifanye nyingine. Kila Januari apitie usajili wa kila mchezaji wa ligi za vijana wa miaka 14, 15, 17 na 20, aulize klabu kuhusu kila pengo linalozidi siku 30, na aombe barua kutoka klabu za watoto wakati makatibu wao bado wanakumbuka. Baada ya miaka minane hakuna atakayekumbuka.

Tuje kwenye kiti chenyewe. Mwaka 2023 fainali ya Kombe la FAI kati ya St Patrick's Athletic na Bohemians ilivuta watu 43,881 Aviva Stadium, Dublin, rekodi ya fainali hiyo. Watu wapo. Lakini Dalymount, uwanja uliowahi kubeba zaidi ya 40,000, leo hauruhusiwi kuingiza hata 5,000, na tiketi za dabi za Dublin huisha mapema. Shabiki wa Liverpool anayetaka kujaribu mara moja anakuta imeandikwa tiketi zimekwisha, huku viti vya wenye tiketi za msimu ambao hawakufika vikiwa vitupu. Wekeni utaratibu wa kurudisha kiti: mwenye tiketi ya msimu asiyekuja abonyeze kwenye simu kabla ya Alhamisi saa 6 mchana, apate punguzo kwenye tiketi ya mwaka unaofuata, na kiti kiuzwe jioni hiyo hiyo kwa mtu ambaye hajawahi kununua. Mgeni huyo atumiwe ujumbe mfupi: lango lipi, basi au Luas (tramu ya Dublin) ipi, choo cha wanawake kiko wapi, na kama malipo ya chakula ni kadi au taslimu. Mapumziko ni dakika 15. Mzazi mwenye watoto wawili akikaa kwenye foleni moja kwa dakika 14, mechi ijayo atabaki nyumbani.

Ratiba nayo. Ijumaa saa 1:45 usiku ni uamuzi mzuri na msiuguse. Jumamosi imeshachukuliwa na ligi ya Uingereza: England yenyewe huzuia mechi za saa 9 alasiri zisionyeshwe moja kwa moja ili kulinda viingilio vya klabu ndogo, lakini hapa Ireland zinaonyeshwa. Kinachotuumiza ni Juni. Ligi ya Uingereza inafungwa mwishoni mwa Mei, mashabiki wake wanabaki bila mpira, na nanyi ndipo mnapokwenda mapumziko ya katikati ya msimu. Wachezaji wanahitaji kupumzika, hatukatai. Ila wekeni raundi mbili za dabi mara tu Ligi Kuu ya Uingereza inapofungwa, kabla ya mapumziko hayo, na raundi nyingine mara tu yanapokwisha.

Tanzania nako watu wanashangilia Arsenal na Manchester United hadi usiku wa manane, na watu hao hao wanajaza Uwanja wa Benjamin Mkapa wenye viti 60,000 Simba na Yanga zinapokutana. Siri mojawapo ni matangazo: mwaka 2021 Azam Media ilisaini mkataba wa miaka 10 wa shilingi bilioni 225.6, na ligi ikaingia sebuleni kwa lugha ya wenyewe, kukiwa na uchambuzi kabla na baada ya mechi. Mcheza kwao hutunzwa, lakini lazima aonekane akicheza. Pamoja na hayo, jihadharini na upande wa pili: klabu mbili zimebeba karibu kila kitu, na viwanja vingi vya mikoani havijai. Shamrock Rovers wakiingia hatua ya ligi ya Conference League, kombe la tatu la klabu za Ulaya, wanapata zaidi ya euro milioni 3 kabla hawajapiga mpira, na pengo hilo na klabu kama Sligo linakua kila mwaka. Fedha za mshikamano zilizokusanywa vizuri ndizo zinazoweza kulipunguza, kwa sababu Sligo nao hulea vijana.

Tarehe 19 Desemba 2024, kwenye kombe hilo, Shamrock Rovers walicheza Stamford Bridge, uwanja wa Chelsea, wakafungwa 5-1. Shabiki wa Chelsea aliyeko Dublin usiku ule alikuwa na timu mbili uwanjani. Miezi miwili baadaye Michael Noonan, mwenye miaka 16, akawafungia Rovers hao bao la ushindi huko Molde, Norway. Huyo shabiki wa Chelsea ndiye tunayetaka apigiwe simu.

Tunaomba majibu ya mambo matatu kwa maandishi: mtu wa pasipoti za wachezaji, utaratibu wa kurudisha viti, na raundi za dabi za kabla na baada ya mapumziko ya Juni. Tungependa kuyapata kabla ratiba ya msimu ujao haijachapishwa, kwani ikishatoka, tarehe za Juni hazitabadilika tena.

Wako katika soka,
Wafuatiliaji wa Ligi ya Ireland tunaozungumza Kiswahili