Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Utafiti wa Stashahada na Vipimo Tunavyoviamini

Ndugu wanachama, wakufunzi wenzangu, wahitimu mliosafiri kutoka vituo vya mbali, na wanafunzi wa mwaka wa tatu mlioalikwa kusikiliza,

Katiba yetu inanitaka nieleze mbele ya mkutano mkuu yale ambayo chama kimefanya kwa mwaka mzima. Habari za fedha atazisoma mhazini, na daftari la wanachama liko kwa katibu kwa yeyote anayetaka kulikagua. Mimi nitakaa zaidi kwenye jambo moja lililokula sehemu kubwa ya nguvu zetu, nalo ni utafiti wa wanafunzi wa stashahada wa chuo chetu cha kada za afya hapa Iringa, na sababu iliyotufanya tuusukume kuelekea kwenye fizikia na kemia.

Mliopita hapa chuoni mnakumbuka jinsi mambo yalivyokuwa. Mwanafunzi wa ngazi ya 6, yaani ya stashahada, anatakiwa kufanya utafiti mdogo na kuandika ripoti kabla ya kuhitimu. Kichwa cha ripoti kilikuwa karibu kila mara kinaanza na maneno yale yale, "uelewa, mtazamo na tabia", kisha dodoso linapelekwa kliniki ya mama na mtoto, kisha asilimia zinajazwa kwenye jedwali. Rafu za maktaba yetu zimejaa ripoti za namna hiyo. Sidharau dodoso. Likiandaliwa vizuri linaweza kufichua mambo ambayo hakuna mashine itakayoyaona. Lakini ripoti nyingi mno ziliuliza maswali yaliyokwisha kujibiwa, katika kata zile zile, na mama aliyekaa kwenye benchi tangu alfajiri akaombwa mara nyingine tena aseme kama amesikia habari za chandarua.

Wakati huohuo wanafunzi hao wanashinda kutwa katikati ya vipimo: mizani ya watoto, mashine za presha, hadubini, friji za chanjo, vipimajoto, vipima oksijeni vya kidoleni. Kila kimoja kinatoa namba, na kwa namba hiyo mtu anaandikiwa dawa, anaongezewa maji, au anaruhusiwa kwenda nyumbani. Kamati tendaji ilijiuliza ni nani anayezikagua namba hizo katika hospitali na zahanati zetu. Mara nyingi jibu lilikuwa: hakuna. Hapo tuliona kazi ambayo chuo cha kati kinaiweza, na pengine kinaiweza kuliko chuo kikuu, kwa sababu vijana wetu wako wodini kila wiki.

Basi tulikubaliana na uongozi wa chuo kwamba kikundi chochote kitakachochagua kupima kifaa, dawa au maji kitapewa wasimamizi wawili, mmoja wa kada yao na mmoja wa sayansi za msingi, na kwamba maabara itafunguliwa Jumamosi. Nawashukuru wanachama waliojitolea Jumamosi hizo bila posho.

Kazi ya kwanza ilionekana ndogo sana. Wanafunzi wa maabara walitaka kuhakiki vipimajoto vyao kwa pointi mbili: barafu iliyopondwa ikichanganywa na maji, ambayo inapaswa kusoma 0, na maji yanayochemka, ambayo kila mtoto wa shule atakwambia yanasoma 100. Kwenye barafu vilisoma vizuri. Kwenye maji yanayochemka vyote vilikaa karibu na 95. Wakabadilisha jiko, wakabadilisha sufuria, wakaazima kipimajoto kingine, jibu likawa lile lile. Wengine walishaanza kuandika kwamba vipimajoto ni vibovu.

Havikuwa vibovu. Iringa iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa iliyo juu yetu ni nyepesi kuliko ile iliyo juu ya Dar es Salaam, na kiwango cha kuchemka hushuka takriban nyuzi 1 kwa kila mita 300 unazopanda. Kwa hiyo 95 ndiyo namba sahihi ya mji huu. Nilifurahi kwamba hakuna mkufunzi aliyewapa jibu siku ile. Walilipata wenyewe, kwa kalamu na karatasi.

Baada ya hapo mmoja wao akauliza swali lililobadilisha mwaka wetu: kama maji yanachemka chini ya 100, je, mtungi wa mvuke wa kutakasia vyombo unafikia joto gani? Naomba wanachama walio vituoni wasikilize sehemu hii kwa makini.

Miongozo inasema vyombo vitakaswe kwa nyuzi 121, na mafundi wengi wamefundishwa kwamba joto hilo hupatikana mshale wa presha ukifika pauni 15 kwa inchi ya mraba. Maneno hayo ni kweli pwani. Mshale haupimi presha yote iliyo ndani ya mtungi. Unapima ile iliyozidi presha ya hewa ya nje. Hapa kwetu hewa ya nje ina presha ndogo, kwa hiyo pauni 15 za mshale zinatoa mvuke wa nyuzi karibu 118. Pengo la nyuzi 3 linaonekana dogo mpaka ulihesabu. Kwa kanuni inayotumiwa katika kazi ya kutakasa, joto likipungua nyuzi 10, muda wa kuua spora sugu, yaani vijidudu vilivyojifunga ganda gumu, huongezeka mara 10. Likipungua nyuzi 3, muda huo unakaribia kuwa mara mbili. Anayezima jiko kwa kufuata saa ya Dar es Salaam anatoa vyombo ambavyo huenda havijatakata. Dawa yake ni nyepesi: mahali pa mwinuko kama wetu, mshale usimame kwenye pauni 17 na nusu hivi, iwapo mtungi umetengenezwa kuhimili presha hiyo, kama sivyo, muda uongezwe. Mashine mpya zinazojiongoza kwa kipimajoto hazina tatizo hili, lakini vituo vidogo vingi bado vinatumia mtungi wa kuweka jikoni.

Kituo kimoja walichotembelea wanafunzi, ambacho sitakitaja, kilikuwa na mtungi ambao mshale wake haukurudi kwenye sifuri hata ulipokuwa umefunguliwa na umepoa. Mhudumu alikuwa ameuzoea. Wanafunzi hawakumlaumu, walimweleza, wakaandika barua kwa mganga mfawidhi, na mshale ukabadilishwa. Kwangu mimi barua ile ina thamani kuliko ripoti iliyojalidiwa.

Kikundi cha famasia kilichukua dawa ya klorini. Sote tunajua kanuni ya kuchanganya sehemu 1 ya JIK na sehemu 6 za maji ili kupata asilimia 0.5 ya kuulia vijidudu. Kanuni hiyo inategemea chupa iwe na asilimia 3.5 kweli. Klorini ya aina hii huoza yenyewe, na joto pamoja na mwanga huharakisha. Vijana walilinganisha chupa iliyokaa kwenye kabati lenye giza na iliyokaa dirishani penye jua la mchana. Walitumia iodini, wanga na thaiosalfeti, vitu ambavyo hata maabara ya sekondari inavyo, wakidondosha tone baada ya tone hadi rangi ya buluu ipotee. Chupa ya dirishani ilihitaji matone machache zaidi, maana yake nguvu yake ilikuwa imepungua. Chupa ikibaki na nusu ya nguvu, mchanganyiko wa 1 kwa 6 unakuwa asilimia 0.25, na hakuna jicho wala pua inayoweza kukuonya kwa uhakika. Pendekezo lao ni kwamba kila chupa iandikwe tarehe ya kufunguliwa na ikae gizani. Wauguzi wakuu watatu waliokuwepo siku ya uwasilishaji walilibeba papo hapo.

Kazi ya rangi ya Giemsa, inayotiwa kwenye slaidi za damu ili vimelea vya malaria vionekane, nitaigusa tu. Rangi hiyo hufanya kazi vizuri kwenye bafa, yaani maji yaliyoandaliwa ili kiwango chake cha tindikali kisibadilike, ya pH 7.2. Maji yakiwa na tindikali zaidi, slaidi huegemea wekundu. Yakiwa na alkali zaidi, buluu hutawala, na msomaji wa hadubini anahangaika kutofautisha kimelea cha malaria na uchafu. Kikundi kilipima pH ya maji ya bomba asubuhi na jioni na kuonyesha slaidi zake. Picha zile zibandikwe ukutani maabara.

Sasa nije kwenye kipima oksijeni, kwa sababu hapa pana swali kubwa ambalo chuo chetu hakiwezi kulimaliza lakini hakipaswi kulikimbia. Kifaa hiki kimetokana na kazi ya Mjapani Takuo Aoyagi, miaka ya 1970. Kinapitisha mwanga mwekundu na mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, kwenye kidole, kisha kinalinganisha kiasi kilichomezwa na damu. Rangi ya ngozi nayo humeza mwanga. Mwaka 2020 watafiti wa Michigan, Marekani, walilinganisha namba za kifaa na oksijeni iliyopimwa kwenye damu ya ateri, mshipa unaotoa damu moyoni. Pale kifaa kiliposoma oksijeni kati ya asilimia 92 na 96, katika vipimo 11.7 kwa kila 100 vya wagonjwa Weusi oksijeni ilikuwa kwa kweli chini ya asilimia 88. Kwa wagonjwa Wazungu ilikuwa vipimo 3.6 kwa kila 100. Karibu wagonjwa wetu wote wana ngozi nyeusi. Hatuna mashine ya kupima gesi za damu, wala si kazi ya mwanafunzi wa stashahada kuchoma ateri kwa ajili ya ripoti. Wanachoweza kupima, nao wamekipima, ni mambo yanayokivuruga kifaa hapa hapa: vidole vilivyopoa kwa baridi ya Juni na Julai, rangi ya kucha, hina nyeusi ya maharusi. Walijipima wenyewe kwa hiari, vidole vikiwa vya baridi kisha vikiwa vimepashwa moto. Tofauti ilionekana. Nawasihi wanachama walio wodini: kabla hujaandika namba, shika kidole cha mgonjwa kwanza.

Kuna wakufunzi walionieleza, kwa nia njema, kwamba fizikia si kazi ya chuo cha kada za afya na kwamba utafiti wa namna hii ni wa wenye shahada. Nawajibu kwa habari iliyopita katika mji huu huu. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa kidato cha tatu Magamba kule Lushoto, alitia mchanganyiko wa aiskrimu kwenye friza ukiwa bado moto, akaona umeganda kabla ya uliopoa. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akisoma shule ya Mkwawa hapa Iringa, alimuuliza swali lile lile Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyekuja kutoa mhadhara, na wenzake wakacheka. Osborne hakucheka, aliporudi alilifanyia majaribio, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja. Ubishi haujaisha. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden wa Uingereza walirudia vipimo na kusema hawaoni ushahidi wa kutosha, wakionyesha kwamba kuhamisha kipimajoto kidogo tu juu au chini kunaweza kubadili jibu. Mimi nazipenda sehemu zote mbili za habari hii: swali lilitoka kwa mwanafunzi, na hatima yake inategemea kipimajoto kimewekwa wapi.

Kuhusu maadili ya utafiti, msimamo wa kamati ni mkali. Kupima mtungi au chupa ya klorini kunahitaji barua ya ruhusa ya kituo. Kumgusa binadamu, au hata faili lake, ni jambo jingine, na hakuna kikundi kitakachoanza kabla ya kibali cha kamati husika ya maadili. Wiki za kusubiri kibali zihesabiwe kwenye ratiba tangu mwanzo. Mwaka huu vikundi viwili viliahirishwa kwa sababu hiyo, na naunga mkono uamuzi huo.

Yapo yaliyokwama. Vitendanishi vilichelewa. Hatuna kipimajoto kimoja chenye cheti cha uhakiki ambacho vingine vyote vingelinganishwa nacho, kwa hiyo matokeo yetu ya friji za chanjo, zinazotakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, hatukuyatangaza. Mwanafunzi aliyesoma nyuzi 1 hakuweza kusema kwa uhakika kama friji ni baridi mno au kipimajoto kinadanganya, na kwa chanjo zinazoharibika zikiganda, tofauti hiyo si ya kubahatisha. Alifanya vyema kuandika hivyo waziwazi kwenye ripoti yake, na alipewa alama nzuri.

Kwa mwaka ujao kamati inaleta maombi matatu mbele ya mkutano. La kwanza, sehemu ya ada za uanachama inunue kipimajoto kimoja na seti moja ya mawe ya mizani, vyote vikiwa vimehakikiwa na Shirika la Viwango Tanzania, vitunzwe chuoni na kuazimwa na vituo. La pili, ripoti yoyote ya kupima isipokelewe bila karatasi moja ya Kiswahili chepesi iliyokabidhiwa kituo kilichopimwa. La tatu, wahitimu walio katika vituo vya mwinuko wasome mshale wa mtungi wao ukiwa wazi na umepoa, kisha walete namba hiyo kwa katibu pamoja na mwinuko wa mahali walipo.

Katibu amegawa fomu ya ombi la tatu mlangoni. Maombi mawili ya kwanza yanahitaji kura zenu leo, baada ya mhazini kusoma hesabu.

Naomba kuwasilisha.