Nitapataje hati ya talaka ya mchumba wangu kutoka Texas?

Shangazi mheshimiwa,

Pokea salamu zangu kutoka Tororo, Uganda, pamoja na shukrani kwa majibu ambayo umekuwa ukiwapa wasomaji wenzangu. Mimi ni mwanamke wa miaka 38, ninafanya kazi katika ofisi ya uwakala wa forodha pale mpakani Malaba, na nimechumbiwa na mwanamume niliyefahamiana naye baada ya yeye kurejea nchini kutoka Marekani mwaka 2016. Mahari imekwisha kutolewa, wazee wa pande zote mbili wameridhika, na kilichobaki ni ndoa ya serikali, ambayo mimi ndiye niliyeisisitiza. Mchumba wangu aliwahi kuoa huko Texas. Anasema waliachana kwa njia ya mahakama, na mimi sina sababu ya kumwona mwongo, ila hana karatasi hata moja inayoonyesha kwamba talaka hiyo ilitolewa.

Msajili wa ndoa tuliyemwendea alitusikiliza kwa adabu. Alipofika mahali pa kujaza hali ya bwana harusi, akaandika kuwa ni mtalaka, akaweka kalamu chini na kutuambia tulete hukumu kamili ya talaka yenye muhuri wa mahakama iliyoitoa. Mchumba wangu akauliza kama angeweza kula kiapo mbele ya kamishna wa viapo badala yake. Msajili akajibu kwamba kiapo hakivunji ndoa. Katika hilo namuunga mkono, kwa sababu anayeoa huku ndoa yake ya kwanza ingali hai anatenda kosa la jinai ambalo kifungo chake kinaweza kufika miaka 5, na ndoa yenyewe inakuwa si ndoa. Nina sababu nyingine pia. Tumenunua kiwanja kwa fedha zetu wote wawili, na Sheria ya Ardhi inataka ridhaa ya mwenzi wa ndoa kabla ardhi ya familia haijauzwa au kuwekwa rehani. Siku moja nikilazimika kujitetea kwa sheria hiyo, sitaki mtu asimame na kusema kwamba mimi sikuwahi kuwa mke.

Kwa hiyo nimekataa tangazo letu la ndoa lisibandikwe kwanza. Kama unavyojua, linapaswa kukaa hadharani siku 21, na ndoa isipofungwa ndani ya miezi 3 tangu taarifa itolewe, linakufa na kazi inaanza upya. Karatasi za kutoka Marekani haziwezi kuwekewa tarehe ya kufika.

Sasa nieleze alichonacho. Ni karatasi moja tu, aliyoihifadhi ndani ya jalada la pasipoti, imekunjwa mara nne. Nimeisoma vizuri, maana riziki yangu yote iko katika kusoma karatasi za watu. Si hukumu. Ni tamko ambalo mume alitia sahihi mwaka 2011 kukiri kwamba amepokea nakala ya ombi la talaka la mkewe, na kwamba haoni haja ya kupelekewa hati za mahakama rasmi wala kuhudhuria kesi. Mahali pa namba ya kesi pako wazi, kwa kuwa alibaki na nakala ambayo haijajazwa. Jina la kaunti ya mahakama lilikuwa juu, palepale mkunjo unapopita, na wino umelika. Kinachosomeka ni chini, kwenye muhuri wa mthibitishaji wa sahihi, ambapo imeandikwa kaunti ya Fort Bend. Lakini hapo panaonyesha tu alipotilia sahihi. Kesi yenyewe inaweza kuwa ilifunguliwa kwingine kabisa.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa ukubwa wa shughuli hii. Huku kwetu kaunti ni sehemu ya wilaya, na wengi wetu tunaikumbuka wakati wa kuchagua mbunge. Hakuna anayekwenda kaunti ya Budama Magharibi kutafuta jalada la talaka. Texas ina kaunti 254, na jalada la talaka hukaa kwa karani wa mahakama ya kaunti ile ambako kesi ilisikilizwa. Jina la mji halitoshi. Mchumba wangu anasema walikaa Houston, na sehemu kubwa ya Houston iko katika kaunti ya Harris, lakini mji huo umemwagikia pia Fort Bend na Montgomery. Mbaya zaidi, walipotengana, mkewe alihamia upande wa Dallas, na sheria ya Texas inamruhusu mtu kufungua kesi ya talaka ikiwa yeye au mwenzake ameishi katika jimbo hilo miezi 6 na katika kaunti husika siku 90. Kwa hiyo mama huyo angeweza kufungua kesi Houston alikokuwa mumewe, au Dallas alikohamia, na huko Dallas nako mji umeenea katika kaunti kadhaa.

Tena, kaunti za Texas zina makarani wa aina mbili, isipokuwa zile ndogo ambazo mtu mmoja hushika kazi zote. Karani wa kaunti hutunza vyeti vya ndoa na hati za ardhi. Talaka hutunzwa na karani wa mahakama ya wilaya. Binamu yangu anayeishi Minnesota alikuwa akiandikia ofisi ya kwanza, na jibu likawa kwamba hawana kumbukumbu hiyo. Mchumba wangu alilifurahia jibu hilo kana kwamba limemaliza neno, wakati lilikuwa limetoka kwenye mlango usiohusika.

Majina nayo yametuchosha. Kwa mila zetu baba anaweza kuwa Owor na mwanawe akawa Okoth, wala hakuna jina moja la familia linalorithiwa na wote. Mtu wa namna hiyo akifika Marekani, jina lolote lililoandikwa mwisho kwenye pasipoti ndilo linalogeuka kuwa jina la ukoo, na mara nyingine ni lile la ubatizo. Binamu yangu alipotafuta kwa jina la mume katika orodha za kesi zinazoonekana kwenye intaneti, hakupata kitu. Alipotafuta kwa jina la mke, la kuzaliwa badala ya lile la ndoa, ikatokea kesi ya mwaka 2011 katika kaunti ya Harris. Jina la mume limegeuzwa mbele nyuma na lina herufi moja tofauti, lakini naamini ni yeye. Mbele yake imeandikwa kwamba kesi imefungwa.

Neno hilo limeninyima usingizi, Shangazi. Kesi hufungwa jaji akitia sahihi hukumu ya talaka, na hufungwa vilevile ikifutwa kwa sababu aliyeifungua hakuifuatilia. Mchumba wangu hakuhudhuria siku hata moja. Alitia sahihi, akaambiwa mambo yatakwisha, akaendelea na maisha yake. Hakuna aliyempelekea nakala ya hukumu. Mimi namuuliza, je, ulimwona mtu aliyeiona hukumu? Ananijibu kwamba mwanamke yule ameolewa tena, kwa hiyo talaka lazima ilikuwepo. Hoja hiyo ina uzito fulani, ila msajili hataibandika kwenye faili.

Jimbo la Texas lina idara ya afya inayotunza takwimu za vizazi, vifo na ndoa, na idara hiyo hutoa barua ya kuthibitisha kwamba talaka fulani imeandikishwa, kwa talaka za kuanzia mwaka 1968. Barua hiyo ingetusaidia kujua kama talaka ipo na ilitolewa kaunti gani. Haiwezi kuwa mbadala wa nakala ya hukumu, kwa kuwa idara hiyo haina hukumu zenyewe. Nakala iliyothibitishwa hutolewa na karani peke yake. Nimeona pia tovuti za watu binafsi zinazojitangaza kuwa zinauza kumbukumbu za talaka za nchi nzima ukiwapa namba ya kadi ya benki. Wanachouza ni orodha ya majina na tarehe, bila muhuri wowote, na nawaomba wasomaji wenzangu wasitupe fedha huko.

Tukishaipata nakala, safari haijaisha. Karatasi ya mahakama ya Houston inapaswa kuthibitishwa na ofisi ya Katibu wa Jimbo kule Austin. Kwa nchi zilizojiunga na Mkataba wa Hague wa 1961, ule wa kutambua hati za umma za nchi nyingine, ingeishia hapo kwa muhuri mmoja, lakini nilipoangalia orodha ya nchi hizo sikuiona Uganda, kwa hiyo lazima ipitie pia Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani na ubalozi wetu Washington kabla ya kuletwa Kampala. Kila mlango una ada yake na bahasha yake, na huko hakuna kutuma pesa kwa simu kama tulivyozoea. Haya nayavumilia, kwani hata kontena la Mombasa halivuki Malaba kwa karatasi moja.

Lililonishinda kabisa ni hili la jina la hati. Msajili anataka hukumu kamili, kwa sababu sheria yetu ya talaka ina hatua mbili: mahakama hutoa kwanza hukumu ya awali, na baada ya muda usiopungua miezi 6 ndipo inafanywa kuwa kamili. Texas haina mpango huo. Kule husubiriwa angalau siku 60 tangu kesi kufunguliwa, isipokuwa kwa sababu maalumu kama ukatili wa nyumbani. Kisha jaji akitia sahihi, hukumu ni moja na ndiyo ya mwisho, ila mtalaka haruhusiwi kuoa mtu mwingine kabla ya siku 30 kupita. Maana yake ni kwamba hati tunayoambiwa tulete, kwa jina tulilopewa, haitolewi na karani yeyote wa Texas hata tukimwandikia mpaka tuzeeke. Nilipojaribu kulieleza hili ofisini, kijana wa mapokezi alirudia tu orodha iliyobandikwa ukutani. Simlaumu sana, lakini orodha ya ukutani haikuandikwa kwa ajili ya watu waliooa nchi nyingine.

Nyumbani nako mambo hayajatulia. Mama mkwe mtarajiwa anaona ninamchimba mwanawe. Baba yangu mdogo aliniambia mbele za watu kwamba ng'ombe wameshapokelewa na hakuna mwenye haja ya karatasi ya Wazungu. Mchumba wangu mwenyewe hanigombezi, ila kila nikimwomba aandike barua kwa karani ananiahidi wiki ijayo, na wiki ijayo anakuwa na shughuli. Sijui kama ni uvivu wa kawaida wa wanaume mbele ya fomu, au anaogopa kitakachoonekana ndani ya jalada. Huenda ni aibu tu. Kesi za talaka huko huandikwa mambo ya watoto, madeni na mengine ambayo mtu hapendi mchumba wake ayasome.

Kwa hiyo naomba ushauri wako, na wa msomaji yeyote aliyepitia njia hii. Hukumu za talaka za Texas kwa kawaida ni kumbukumbu za umma, na mtu asiye mhusika anaweza kuomba nakala. Je, nimwandikie karani mimi mwenyewe, nikitaja namba ya kesi tuliyoiona na majina yote kwa namna zote yanavyoandikwa, au nisubiri mwenye talaka aamke? Nikiandika bila kumwambia, nitakuwa nimeanza ndoa kwa kumpeleleza mume. Nikimwambia, naogopa atasema hakuna haja kisha tubaki palepale. Dada yake bado anawasiliana na yule mke wa kwanza, ambaye huenda ana nakala. Je, ni adabu kumwomba picha ya ukurasa wenye sahihi ya jaji, ili angalau tujue kama tunatafuta kitu kilichopo?

Na kuhusu msajili, je, barua ya wakili wa hapa Uganda inayoeleza kwamba hukumu ya mwisho ya Texas haina hatua ya pili ingetosha kumridhisha, au kuna ofisi ya juu yake ambako suala kama hili hupelekwa? Mwisho, kama jalada litaonyesha kwamba kesi ilifutwa na ndoa ile ingali hai, naelewa kwamba mchumba wangu anaweza kufungua kesi ya talaka hapa nchini, maana sheria yetu inataka mwombaji awe na makazi yake ya kudumu Uganda, na yeye amerudi kukaa. Hapo tutangoja hukumu ya awali na ile miezi 6 juu yake. Kungoja naweza. Ningependa tu kujua ni mahakama ipi tuanzie, ya hakimu au Mahakama Kuu, ikiwa ndoa ilifungwa nje ya nchi na mke yuko huko huko, na hati za kesi zitamfikia kwa njia gani.

Nitashukuru ukinijibu hapahapa, kwani najua si mimi peke yangu mwenye mchumba aliyerudi na begi lisilo na karatasi zote.

Wako mtiifu,
Msomaji wa Tororo