Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Utawala: tuonyeshe pa kufungia baiskeli zetu

Ndugu Mkurugenzi,

Kwa heshima zote, nakuandikia hadharani kwa sababu barua za ndani hazijibiwi. Ya kwanza ilipokelewa masijala ikagongwa muhuri, na nakala yake ninayo. Ya pili niliambiwa inafanyiwa kazi. Ningeendelea kusubiri kama si lile tangazo lililobandikwa ubaoni wiki iliyopita, kwamba baiskeli yoyote itakayokutwa imefungwa kwenye vyuma vya ngazi itaondolewa. Kesho yake ziliondolewa kweli. Kufuli zilikatwa, baiskeli zikarundikwa nyuma ya jengo karibu na mapipa ya taka. Yangu niliikuta rimu ya nyuma imepinda na spoki zimekatika. Ya mwenzangu wa idara ya hesabu haikuonekana kabisa, na hadi leo kila anayemuuliza anamwambia aulize kwingine.

Hatubishi kwamba ngazi ni njia ya watu, na siku ya moto lazima iwe wazi. Lakini tangazo lilitukataza pale bila kutuelekeza pengine. Tuzifunge wapi?

Naomba nikukumbushe maneno yako. Tarehe 3 Juni mwaka jana, Siku ya Baiskeli Duniani ambayo Umoja wa Mataifa uliitangaza mwaka 2018, ulisimama mbele yetu ukatuhimiza tuache magari nyumbani. Ukaahidi kibanda cha baiskeli, mabafu na makabati ya nguo kabla mwaka haujaisha. Tulikupigia makofi kwa moyo mmoja. Wapo walionunua baiskeli kwa ahadi ile, wengine kwa kukopa. Hao ndio waliokatiwa kufuli.

Badala ya kibanda, hata kile kichanja cha chuma kilichokuwa getini kiling'olewa ili wageni wapate pa kuegesha magari. Kichanja chenyewe kilikuwa kibaya, nakiri, kile cha kuchomeka gurudumu la mbele tu kwenye mwanya. Baiskeli ikisukumwa kidogo uzito wote unaegemea gurudumu moja na rimu inapinda. Tena unafunga gurudumu peke yake, kwa hiyo mwizi analegeza nati, anakuachia gurudumu na kufuli yako, anaondoka na fremu. Kinachofaa ni bomba la chuma lililokunjwa kama herufi U iliyopinduliwa, miguu yake yote miwili ikazamishwa kwenye zege. Hapo fremu na gurudumu vinafungwa pamoja, na bomba moja linabeba baiskeli mbili, moja kila upande. Ukiyapanga kwa umbali wa mita moja hivi, eneo la gari moja linatosha baiskeli kama kumi. Fundi wa kuchomea anaimaliza kazi hiyo bila zabuni ya miezi. Mjini Utrecht, Uholanzi, wamejenga chini ya kituo cha treni maegesho ya baiskeli 12,500. Sisi tunaomba eneo la gari moja.

Kuhusu maji, sijui kama umewahi kuelezwa hali ilivyo. Ninafika asubuhi shati limeloa, najifuta kwa kitambaa kwenye sinki la choo huku watu wanapita, kisha naingia kikaoni nikichagua kiti cha dirishani ili nisimkere jirani yangu. Akina mama wana shida zaidi, maana wanabadilisha nguo ndani ya choo kimoja chembamba, mfuko wameushika kwa meno kwa sababu hakuna hata msumari wa kuutundika. Msimu wa mvua nguo mbichi tunazianika nyuma ya viti, halafu tunaandikiwa onyo la uchafu ofisini. Mfumo wa LEED wa Marekani, unaopima majengo yanayojali mazingira, ili kutoa alama ya huduma za baiskeli, unadai bafu moja kwa watumiaji 100 wa kwanza wa jengo, na jingine kwa kila 150 wanaoongezeka. Sisi ni zaidi ya hao 100 na hatuna hata moja.

Nadhani tatizo ni kwamba kamati ya majengo yote inakuja kazini kwa gari. Asiyewahi kufunga baiskeli haoni kinachokosekana. Au labda fedha zilihamishiwa kwenye lami mpya ya maegesho, sina hakika. Lakini lami tunaiona, na mabomba ya kufungia baiskeli hatuyaoni.

Ndugu Mkurugenzi, kama mabafu ni ya bajeti ijayo, tutaendelea na sinki. Makabati nayo yasubiri. Hata paa lisubiri, tutafunika tandiko kwa mfuko wa nailoni. Lakini tupe mabomba hayo, getini, mahali ambapo mlinzi anayaona akiwa amekaa kwenye kibanda chake, si nyuma ya jengo. Na kabla hayajasimikwa, agiza kufuli zetu zisikatwe tena. Na mwenzetu aambiwe baiskeli yake iko wapi, au alipwe.

Eneo la gari moja, Ndugu Mkurugenzi. Tunaomba jibu la maandishi.

Wako katika kazi,
Mfanyakazi anayekuja kazini kwa baiskeli