Zana za mtandaoni zimfikie na mwalimu asiye na bando

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na walimu wenzangu, na hasa maofisa elimu wanaotusimamia, kuhusu zana za kufundishia zinazopatikana bure mtandaoni. Zana nzuri zipo tele, lakini zinazotufaa sisi wa shule za kata ni zile zinazopakuliwa mara moja na kutumika bila intaneti, na hizo ndizo ambazo semina zetu za TEHAMA huzitaja kwa nadra.

Nafundisha Fizikia katika shule yenye ammita, yaani vipima mkondo wa umeme, mbili tu kwa madarasa manne ya Kidato cha Pili. Kwa miaka mingi wanafunzi wangu waliamini kwamba balbu "hula" umeme, yaani mkondo unaotoka ni mdogo kuliko unaoingia, na maelezo yangu ya ubaoni hayakuwatoa huko. Mwaka jana nilipakua programu ya kuunda saketi kutoka PhET, mradi wa Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Tuzo ya Nobeli ya Fizikia ya 2001. Ni faili moja tu, nayo hufunguka hata pale ambapo hakuna mtandao. Niliirusha ukutani kwa projekta ya shule, nikaunga betri, waya na balbu, na vidoa vya buluu vinavyowakilisha elektroni vikaanza kutembea kwa mwendo uleule kabla ya balbu na baada yake. Mwanafunzi wa dawati la nyuma aliinuka, akaja hadi ukutani na kuvihesabu kwa kidole. Kisha nilimruhusu aunge waya kutoka ncha moja ya betri hadi nyingine, na miali ya moto ilipotokea, darasa zima likaelewa maana ya shoti bila mtu yeyote kuungua. Ammita halisi bado tunaihitaji, kwa kuwa mwanafunzi lazima ashike waya kwa mikono yake, lakini siku hiyo nilifundisha kitu ambacho chaki ilikuwa imeshindwa.

Hazina nyingine iko hapa hapa nyumbani. Katika tovuti ya Baraza la Mitihani la Tanzania, kila mwalimu anaijua mitihani iliyopita, ila ni wachache ninaowaona wakifungua taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, ambazo zinaeleza kwa nini watahiniwa walikosa swali fulani na kuonyesha picha za majibu yenyewe, mazuri na mabovu, kwa mwandiko wao. Anayezisoma kabla ya kuandaa somo anajua mapema wanafunzi wake watakwama wapi. Badala yake tunarushiana kwenye makundi ya WhatsApp notisi ambazo mwandishi wake hajulikani. Mimi mwenyewe niliwahi kufundisha wiki nzima kwa notisi zenye kanuni iliyokosewa, nikalazimika kurudi darasani na kuwaomba radhi wanafunzi.

Kikwazo ni bando, ambalo wengi wetu tunalinunua kwa fedha zetu wenyewe. Kwa kuwa mpango wa MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, umekwisha kutuweka katika jumuiya za ujifunzaji, naomba kila kata imteue mwalimu mmoja apakue faili hizi kwa gharama ya shule na kuzigawa kwa flashi, pamoja na Wikipedia ya Kiswahili, ambayo husomeka bila mtandao kwa programu ya Kiwix. Aidha, Baraza la Mitihani lingetusaidia sana likiweka taarifa za miaka yote za somo moja katika furushi moja la kupakua, na Taasisi ya Elimu Tanzania ikafanya vivyo hivyo kwa vitabu vya kiada vilivyomo katika maktaba yake ya mtandaoni. Flashi niliyoiandaa tayari imenakiliwa na shule mbili jirani, na mwalimu wa Kemia ameanza kuiongezea faili za somo lake.

Mwalimu wa Fizikia,
Singida.