Babu Amezikwa Wapi? Risala ya Klabu ya Jiografia kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, wajumbe wa bodi, walimu wetu, wazazi na walezi, ndugu zetu wahitimu wa kidato cha nne, na wanafunzi wenzetu. Wakubwa wetu, shikamooni.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha salama hapa Kilosa. Pili, tunakushukuru wewe kwa kukubali mwaliko. Mwalimu mlezi alipotuambia kuwa mgeni wa mahafali haya ni mzee wetu aliyewahi kuwa stesheni masta kwenye Reli ya Kati, tuliichana risala tuliyokuwa tumeshaiandika, tukaanza upya. Ile ya kwanza ilikuwa ya madawati mwanzo mwisho. Madawati tutayataja, usihofu, ila yatakaa nyuma.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, klabu yetu ilianza kwa sababu ya ramani mbovu. Ramani ya Tanzania iliyopo ukutani katika chumba cha Jiografia ina mikoa 20 upande wa Bara. Haina Manyara, ulioanzishwa 2002. Haina Geita, Katavi, Njombe wala Simiyu, iliyozaliwa 2012, na Songwe wa 2016 ndiyo kabisa. Siku moja mwenzetu wa kidato cha pili aliitwa mbele aonyeshe alikozaliwa. Kazaliwa Mpanda. Akautafuta Katavi, akaukosa, mwisho akaweka kidole Rukwa, darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu akamwuliza baba yake kazaliwa wapi. Bariadi, akasema, ambako ramani yetu inapaita Shinyanga na siku hizi ni Simiyu. Na babu? Babu amezikwa Kwimba, Mwanza. Na wewe mwenyewe sasa hivi unaishi wapi? Kicheko kikaisha, maana kila mtu alijua: ng'ambo ya Mto Mkondoa, kwenye boma la ng'ombe, kilomita chache kutoka hapa tulipoketi.

Hapo ndipo tulipopata kazi ya kufanya. Tulikubaliana tusiulizane makabila, kwa sababu jibu la kabila linamweka mtu mahali pamoja kama nguzo ya simu. Tukaulizana maswali matatu: babu amezikwa wapi, wazazi walizaliwa wapi, wewe ulizaliwa wapi. Fundi cherehani wa sokoni alitupa mabaki ya nyuzi. Nyekundu ikawa ya babu, bluu ya wazazi, kijani yetu sisi. Kila mwanachama alichomeka pini zake akazifunga uzi hadi Kilosa. Pini ziliisha wiki ya kwanza tukaendelea na miiba ya mchongoma, ambayo kwa kweli inashika vizuri zaidi.

Kitu cha kwanza kuonekana ukutani, Mheshimiwa, ni reli yako. Hatukuichora sisi. Nyuzi nyekundu zilitoka Kasulu na Kibondo, zikapita Tabora, zikaja kujikusanya Kimamba, hapa wilayani kwetu, kana kwamba mtu amezipanga kwa rula. Tulipouliza nyumbani tukaelewa. Wajerumani walianza kujenga reli hiyo Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Mashamba ya mkonge yakaota kando yake, na mkonge unataka mikono mingi. Wenyeji wa karibu walikuwa na mashamba yao ya chakula na hawakuona sababu ya kwenda kukata majani yenye miiba kwa ujira mdogo. Kwa hiyo wakaletwa watu wa mbali, ambako kodi ilidaiwa kwa fedha na fedha yenyewe haikuwepo: Waha kutoka Kigoma, Wanyamwezi, Wabena, Wangoni, hata Wamakonde wa Msumbiji. Waliitwa manamba, kwa kuwa mtu alijulikana kwa namba yake.

Bibi wa mwanachama wetu mmoja bado yupo Kimamba. Tulipomtembelea alikuwa anapepeta mchele, na hakuacha kupepeta alipokuwa akitusimulia. Alisema mumewe hakuhesabu miezi, alihesabu vipande. Kipande ilikuwa kadi yenye siku 30 za kazi. Siku uliyomaliza kazi yako inatiwa alama, siku uliyoumwa haitiwi, kwa hiyo kipande kimoja kingeweza kuvuka mwezi na zaidi. "Alikuja kwa vipande vichache tu," akasema, "kisha arudi Kasulu akanunue ng'ombe." Akanyamaza, akapuliza pumba. Kaburi lake liko nyuma ya nyumba, chini ya mpera. Tulipotaka kuufunga uzi wake mwekundu hatukujua tuanzie wapi: Kasulu alikozaliwa, au hapo kwenye mpera. Swali letu lilikuwa la kaburi, hivyo uzi wake ukawa mfupi kama kidole. Mjukuu wake alilalamika sana.

Kundi la pili ni nyuzi za ng'ombe. Hizi hazifuati reli, zinatambaa. Kutoka Usukumani zinashuka Tabora, nyingine zinakwenda Katavi na Rukwa, nyingine Usangu, nyingine zinakuja huku Morogoro na kuendelea mpaka Lindi. Usukumani watu na mifugo wameongezeka, ardhi haijaongezeka. Ngitili, yale malisho yanayofungwa masika ili yaliwe kiangazi, hayatoshi tena kila ukoo. Mtu mwenye ng'ombe mia anatafuta alikosikia nyasi zipo. Sensa inaonyesha walikokwenda wengi: Katavi mwaka 2012 ilihesabiwa watu 564,604, na mwaka 2022 watu 1,152,958. Mkoa umejizidisha mara mbili katika miaka 10. Sisi tulidhani mikoa inayokua hivyo ni ya mijini tu.

Hapa tulibishana kama tuandike au tusiandike, maana kwenye viti hivi wamo wazazi wakulima na wazazi wafugaji. Tumeamua kuandika. Wilaya yetu imewahi kumwaga damu kwa jambo hili, na sote tunalijua. Tulichokiona kwenye klabu ni kwamba ugomvi huu una kalenda. Kiangazi kikikolea, nyasi za mbugani zinakauka na maji yanabaki kwenye mito na mabonde. Ng'ombe wanateremka. Na mkulima naye, kwa sababu ile ile ya maji, ndiko alikopanda mboga na mahindi ya kiangazi. Wote wawili wanakwenda pale pale wiki ile ile, kila mmoja na sababu ya haki. Tukaandika kwenye daftari la klabu: hawa hawagombanii ardhi yote, wanagombania ukanda mwembamba wa kijani kwa miezi michache. Mwalimu mlezi aliweka alama ya kuuliza pembeni, akasema tuendelee kupima. Tunaendelea.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kundi la tatu lilitushangaza kuliko yote. Kuna wenzetu Wakaguru na Wasagara, wenyeji wa wilaya hii, ambao siku ya kwanza walikaa pembeni wakisema wao hawana uzi wa kufunga kwani hawajatoka popote. Tukawaambia waulize nyumbani hivyo hivyo. Wakarudi na majibu ambayo hayamo kwenye ramani yoyote. Babu amezikwa mahame. Mahame ya wapi? Kule juu, penye miembe. Katika Operesheni Vijiji, kati ya 1973 na 1976, watu waliokuwa wakiishi kaya mojamoja mlimani na mabondeni walihamishiwa kwenye vijiji vya pamoja kando ya barabara. Nyumba zilibaki, zikaanguka. Makaburi yalibaki. Miembe nayo ilibaki, na ndiyo inayoonyesha leo palipokuwa na ua wa mtu. Tulipanda na mmoja wao hadi huko Jumamosi moja. Miembe mitatu kwa mstari, jiwe la kusagia lililopasuka, nyani wengi. Mwenzetu alisimama pale, akashindwa kuonyesha kaburi ni lipi, akaokota embe bichi akarudi nalo shuleni. Uzi wake una urefu wa nusu sentimita kwenye ramani. Kwa miguu ulituchukua saa nne.

Uchagani ni hadithi nyingine, na wana klabu wawili wa huko wanaisimulia kwa mbwembwe. Babu anazikwa kihambani, katikati ya migomba na kahawa, na kihamba kinagawanywa kwa watoto hadi kinafikia mahali ambapo hakigawanyiki tena. Waliobaki bila kipande wanateremka na kutawanyika nchi nzima na biashara zao. Kilimanjaro ilikuwa na watu 1,640,087 mwaka 2012, na 1,861,934 mwaka 2022; imeongezeka, lakini kwa taratibu sana ukilinganisha na Katavi. Desemba wanarudi wote, mabasi yanajaa, na watani wao Wapare wanasema wanakwenda kuhesabiwa. Mmoja wa hao wawili anaomba ieleweke kwamba yeye anakwenda kumsalimia bibi.

Kuna pembe za nchi ambazo ramani yetu haisemi kitu. Visiwani hatukupata uzi hata mmoja. Lindi na Mtwara tulipata mmoja tu, wa mwalimu wa Kemia, mzaliwa wa Newala, naye akatueleza sababu bila kuombwa. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa 2003, Mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko, na masika barabara ya kusini ilikuwa ikikatika. Mtu wa kusini aliyetaka kusafiri alifikiri mara mbili. Lindi ina eneo la zaidi ya kilomita za mraba 66,000 na, kwa sensa ya 2022, watu 1,194,028. Gawanya uone, ni watu 18 kwa kila kilomita ya mraba, wakati Dar es Salaam ni zaidi ya 3,800. Lakini mwalimu akatuonya tusiseme kusini ni kutupu. Juu ya uwanda wa Makonde, Newala, watu wamejaa na mikorosho yao, ingawa maji ya juu hayapo. Mama yake alikuwa akiteremka korongo kuchota maji na kupanda nayo kichwani. Watu walikaa juu kwa sababu za kale za usalama na za udongo, maji wakayafuata chini.

Na Dar es Salaam yenyewe? Tulitarajia nyuzi za kijani zikimbilie huko. Kaka na dada zetu wengi wameenda, ndiyo, ila wakiulizwa kwa makini wanataja Mbagala mwisho, Mkuranga, Kibaha. Sensa inakubaliana nao: jiji lilitoka watu 4,364,541 hadi 5,383,728 katika miaka hiyo 10, huku Mkoa wa Pwani ukiruka kutoka 1,098,668 hadi 2,024,947. Jiji limefurika, maji yameingia kwa jirani.

Tukija kwenye mafanikio, klabu imeandaa siku ya vyakula mara mbili. Walileta michembe, mlenda, mtori, ugali wa muhogo na ugali wa mtama. Ugomvi ulikuwa mmoja: dagaa wa Kigoma na dagaa wa Mwanza nani mtamu. Haukuisha hadi kengele ikalia, na kusema kweli hata leo haujaisha.

Changamoto zetu, Mheshimiwa Mgeni Rasmi. Chumba cha Jiografia kinavuja, na kinavuja juu ya Kigoma. Mvua ya Machi ilitulowesha Kasulu na Kibondo zote, karatasi ikavimba, Ziwa Tanganyika likahamia Tabora. Tunaomba mabati mawili na misumari yake. Tunaomba ramani mpya ya mikoa 31, ila ile ya zamani hatutaitupa, tunataka zikae pamoja ukutani. Tunaomba pia utushike mkono tupate safari moja ya mafunzo kwa treni, kutoka hapa hadi Dodoma, mchana, tukae dirishani. Tunataka kuona bonde la Mkondoa, pale mto ulipoisomba njia mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 na treni zikasimama miezi, na tunataka mtu anayeijua njia akae nasi atuambie nini kilikuwa wapi. Hatumtaji mtu huyo ni nani. Na madawati, Mheshimiwa: yanapungua 40.

Mwisho kabisa, tunawatakia heri wahitimu wetu. Nyuzi zao za kijani tumeziacha zikining'inia bila kufungwa upande wa pili.

Mzee wetu, katibu msaidizi anakuletea sahani. Kuna mwiba mmoja wa mchongoma na uzi mwekundu. Ramani iko nyuma yako, tumeitoa chumbani tukaiegemeza kwenye mti. Tunaomba usimame utuambie babu yako amezikwa wapi.

Risala hii imeandaliwa na wanachama wa Klabu ya Jiografia, na imesomwa kwako na Katibu wa Klabu, kidato cha tatu. Tunaomba kuwasilisha.