Nahama upasuaji wa jumla kwenda mifupa: mwaka wangu utahesabiwa?

Mshauri, shikamoo.

Mimi ni daktari, naishi Nyakato hapa Mwanza, nipo mwaka wa kwanza wa ubingwa wa upasuaji wa jumla. Moyo wangu uko kwenye mifupa. Nafasi zilijaa nilipoomba, nikachukua upasuaji nisikae bure. Sasa chuo kingine kina nafasi moja ya mifupa na wako tayari kunipokea. Shida ni makaratasi.

Wanasema mwaka niliosoma utahesabiwa nikithibitisha kwamba nimepita mifupa, dharura, chumba cha mahututi na ganzi, kila idara na wiki zake. Tatizo ni mifupa, kwa sababu niliipitia wakati wa utarajali (mwaka wa mazoezi baada ya shahada), na cheti changu kinataja idara kubwa tu: tiba, upasuaji, watoto, uzazi. Anayekisoma atadhani sijawahi kufunga POP, plasta ngumu ya mfupa uliovunjika! Kumbe sehemu kubwa ya huo "upasuaji" niliimalizia wodi ya mifupa, tukipokea vijana wa bodaboda, na wavuvi wa visiwani waliokuja wakati mguu umeshaunga vibaya kwa mganga. Daraja la Kigongo–Busisi lilikuwa halijafunguliwa. Aliyevunjika upande wa Sengerema alisubiri pantoni na maumivu yake. Mifupa niliipendea pale.

Bingwa aliyenisimamia amestaafu, yuko kwao Bukoba. Logibuku ya wakati ule, daftari la kazi nilizofanya kila idara, hospitali haiioni. Wenzangu wananiambia nijaze mpya, nitafute wa kugonga muhuri, nani atakagua? Nimekataa. Jina langu liko Baraza la Madaktari Tanganyika, na leseni ikishaingia doa sina kazi nyingine ninayoijua.

Mke wangu, ambaye ni muuguzi, anaona nikubali tu kuanza upya mwaka wa kwanza. Ningekubali, lakini ruhusa ya masomo niliyopewa na halmashauri, mwajiri wangu, imeandikwa upasuaji wa jumla, yenye muda wake, na ada inatoka mfukoni. Binamu yangu aliyeko Marekani anasema hata huko, ambako mafunzo ya mifupa ni miaka 5, anayehama hukaguliwa mwaka wake wa kwanza idara kwa idara. Sawa, ila huko kumbukumbu hazipotei kabatini.

Kuna pia njia ya COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, miaka 2 ya msingi kisha 3 ya mifupa, huku mtu yuko hospitalini anafanya kazi. Inanivuta, ingawa nayo ni kuanza moja.

Naomba kujua: barua ya yule mzee wa Bukoba, pamoja na nakala za rejesta ya thieta zenye jina langu kama msaidizi, zinaweza kusimama badala ya logibuku? Nianze na nani, chuo, Baraza au mwajiri? Na watumishi waliowahi kubadili fani katikati ya masomo, ruhusa zenu mlizirekebisha kabla ya kuhama au baada?

Daktari wa Nyakato, Mwanza